Dhamana ya Mwenyekiti

Serikali iliiruhusu kwaya ya wapenzi wa jinsia moja iimbe, mradi mwenyekiti wake aiachie sauti yake iwe dhamana. Nyamvula alijitolea, akidhani muhula wa miaka miwili ukiisha wenzake watampokea mzigo. Akawa bubu hata kitandani.

“Ukirudishiwa sauti leo, anza na jina langu,” mpenzi wake Kadzo alimwambia asubuhi ya uchaguzi.

Mkutanoni hakuna aliyejitokeza kugombea. Katibu akasoma katiba: “Mwenyekiti ataendelea, isipokuwa akikataa kwa kinywa chake. Dada Nyamvula, unakataa?”

Nyamvula alitikisa kichwa kukataa mpaka kilemba kikamvuka. Waimbaji arobaini wakainamia karatasi zao za nyimbo.

“Amenyamaza, basi amekubali,” katibu alisema huku akiandika, na kwaya ikamwimbia pongezi kwa sauti nne.

Jioni Kadzo alimfungulia Nyamvula mlango, akangoja kuitwa.