Shahada ya Saa za Kazi

Shahada ya uuguzi ya masafa iliyolingana na mshahara wa Siwatu ilikuwa moja tu: elimu iliingia kichwani saa mbili asubuhi, ikarejea chuoni saa kumi jioni.

"Na kujua baada ya hapo ni kosa," karani wa chuo alionya. "Hata mwanao akibanwa na pumu."

"Niandikishe, kaka."

Kila adhuhuri Siwatu alimpigia mama yake simu, akamsomesha somo zima.

Jioni moja mtoto alibanwa. Siwatu alitafuta kichwani la kufanya; elimu ilikuwa imesharejea chuoni. Mama yake, asiyewahi kukanyaga darasa, alimketisha mjukuu wima, akampulizia dawa kwa kipimo, hata pumzi ikatulia.

"Nifundishe, mama."

"Si ulisema ni marufuku kujua saa hizi?"

Siwatu alifunga dirisha.

"Anzia mwanzo."