Pongo wa Posa

Eustace alikuwa amelala kifudifudi kichakani saa saba mchana, amepakwa samadi ya ng'ombe hadi masikioni, na siafu mmoja ameshaingia ndani ya soksi. Hakuthubutu kujikuna. Anselmi, kiongozi wake wa mawindo, alikuwa amemwonya kwamba pongo, yule swala wa vichakani, akiwa malazini husikia hata mtu anavyofikiri.

"Kwa hiyo jitahidi usifikiri, mkuu," alinong'ona Anselmi.

Kwa mtu aliyekaa ofisini miaka kumi na mitano, hilo halikuwa gumu.

Kilichomleta huku vichakani nyuma ya Bonga, yeye ambaye mnyama wa mwisho kumuua alikuwa mende wa kabati la mafaili, ni mapenzi. Alimpenda Edda, mwalimu wa Sigino, mpaka chakula kikawa hakishuki. Kikwazo kilikuwa baba mtu. Mzee Severine alitamka mbele ya washenga kwamba binti yake haolewi na mwanamume wa kalamu tupu. Yeye mwenyewe, ili ampate mama yake Edda, alimfuata pongo mpaka anapolala, akamwangusha kwa risasi moja, akampelekea mkwe nyama. Hadithi hiyo aliisimulia kila Krismasi, na kila Krismasi yule pongo aliongezeka uzito.

"Lete pongo kabla ya Jumapili," alisema mzee. "Ukishindwa, yuko kijana wa Dareda mwenye Fuso."

Eustace akakata leseni ya pongo mmoja, akaitoa kabatini bunduki ya marehemu baba yake, akabaki hajui aanzie wapi. Mama Edda ndiye aliyemnong'oneza jina.

"Nenda na Anselmi, mwanangu. Baba yake ndiye aliyempeleka mume wangu enzi zile. Kazi hiyo kwao ni ya urithi."

Anselmi alikuwa na masharti kama daktari. Siku tatu bila sabuni. Upepo ukupige usoni, kamwe usikupige kisogoni. Usiikate njia anayoshukia kwenda kunywa maji. Na kubwa kuliko yote, usikanyage malazi yake, kwa maana ukiyakanyaga pongo wa kilima kizima watahama, na wewe utazaa watoto wenye kwato. Eustace aliandika yote kwenye daftari, hata la kwato.

"Unamwona?" alinong'ona Anselmi. "Chini ya mgunga ule. Kile cha kahawia."

Eustace alikodoa macho. Aliona kivuli, majani makavu, na kitu ambacho kingeweza kuwa mgongo na kingeweza pia kuwa kisiki.

"Mbona hasogei?"

"Amelala, mkuu. Kwani wewe ukilala unatembea?"

Eustace alifumba jicho moja ili alenge, kisha kwa woga akafumba na la pili, akafyatua. Ndege waliruka kilima kizima. Kile kitu cha kahawia kilibaki vilevile.

"Umempata!" Anselmi aliruka juu. "Papo hapo! Hata kuamka hakuamka, masikini!"

Eustace aliibusu bunduki kwa furaha. Alitaka kukimbia akamwone mnyama wake, lakini Anselmi alimkamata mkanda wa suruali.

"Malazi, mkuu! Unataka kwato?"

Basi Anselmi akaenda peke yake na kisu, naye Eustace akaketi akiutazama mji wa Babati kule chini, akatoa rozari. Hajamaliza hata fumbo la pili, Anselmi akarudi na nyama iliyochunwa vizuri, imegawanywa na kufungwa kwenye majani ya mgomba. Kichwa na ngozi, alieleza, ni haki ya kiongozi. Mikono yake haikuwa hata na tone la damu. Fundi ni fundi, aliwaza Eustace, akamshukuru Mungu kwa kumjalia mtu wa namna ile.

Jumapili baada ya misa, wazee wa ukoo walijaa uani kwa Mzee Severine. Mbavu zilikuwa motoni. Eustace alisimulia mawindo yake, na katika kusimulia kilima kikawa kirefu zaidi, na pongo akawa amesimama akimkazia macho.

Mzee Severine alionja wa kwanza. Alitafuna taratibu, amefumba macho, na Eustace akahisi moyo wake unatafunwa humo humo.

"Pongo," akatamka mzee. "Pongo hasa! Ninyi mliozoea mbuzi wa sokoni hamuwezi kuielewa ladha hii." Akamshika Eustace mkono mbele ya watu wote. "Kuanzia leo wewe ni mwanangu."

Edda aliinamisha uso, akitabasamu. Eustace alitamani kulia, na hakuona haya.

Kwa furaha yake, mzee akataka wazee wenzake wapewe paja. Kabla mkewe hajamwahi, aliuvuta mzigo uliokuwa bado umefungwa, akakata kamba, akafunua majani. Kisu kikamgandia mkononi. Juu ya paja, katikati kabisa, palikuwa na muhuri wa zambarau wa mkaguzi wa nyama wa machinjioni, na tarehe ya juzi ikisomeka bila miwani.

Eustace aliuona pia, akapauka. Mzee alimgeukia, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Mama Edda aliinama katikati yao kama anayetenga ugali, akalifunika paja kwa jani.

"Kula, Baba Edda," alisema kwa sauti ya chini. "Pongo wako wewe, marehemu baba yangu alimla na muhuri wake."