Mama wa Kwa Bi Kibibi

Akina mama mnaokwenda Hija mwakani, aganeni kwa mikono tu. Msiachiane vivuli.

Sisi tuliachiana. Siku ya kurudi, pale uwanja wa ndege tulilia, tukaombana radhi, kisha kila hujaji akampa mwenzake kivuli chake, kinachoongea na kucheka kama mwenyewe alivyokuwa siku ile. Bi Kibibi wa mtaa wa pili alinikumbatia.

"Mama Shemsa, tende zako kula mwenyewe. Mimi nipe hicho kicheko!"

Nikampa. Siku ile nilikuwa mweupe moyoni, sina hasira hata na nzi.

Nyumbani kivuli cha Bi Kibibi kilituchekesha mpaka maziwa yakafurika jikoni. Naye Shemsa, binti yangu mdogo, akawa kila jioni anakimbilia kwa Bi Kibibi kuniangalia mimi wa Hija.

Jana alimwaga sukari, nikamfokea. Hakulia. Alinibusu mkono, uso unang'aa.

"Usijali, Mama. Yule mama wa kwa Bi Kibibi hafoki. Amesema nihamie kwake."

Nikacheka. Kivuli cha Bi Kibibi nacho kikacheka, kikapiga na makofi.

Shemsa alikuwa ameshavaa viatu.