Ganda Nene

"Wageni wako mlangoni. Waonyeshe ile chupa ya jana," profesa alininong'oneza. "Ile inaruka."

Kweli inaruka. Ukisogeza sumaku tu, chembe zote za chuma zinaparamia kioo. Shida ni kwamba ukiiondoa, haziachani tena. Zinabaki donge, na chembe hizi tunazitengeneza zibebe dawa ndani ya mishipa ya damu.

Ndiyo maana za leo nilizivika ganda nene zaidi, ili zisigandamane. Nguvu zikapungua.

"Hizi zako zimelala," alisema. "Watatucheka."

"Wacheke. Mgonjwa hahitaji sarakasi."

"Binti, usinitie aibu mbele za watu!"

Nikafungua chupa ya jana, nikaimimina yote kwenye ndoo ya taka za kemikali. Mlango ukafunguliwa, wageni wakaingia.

Nikabana sumaku kwenye chupa ya leo. Tukasubiri. Mgeni mmoja akapiga mwayo. Doa jeusi likajikusanya kwenye kioo taratibu, dogo kama ukucha wa mtoto.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza.

Nikamkabidhi chupa.

"Bado. Sasa toa sumaku."