Chai ya Mpiga Kasia

Unywele ulikuwa mrefu, mweupe, na ulikuwa ndani ya chai ya Mkurugenzi.

Alikirudisha kikombe juu ya ubao wa mtumbwi kwa ncha za vidole viwili. Ofisini aliwahi kumfukuza mpika chai kwa sababu ya unywele mmoja, tena mfupi. Katibu wake, msichana mpole aliyekuwepo siku ile, aliutazama unywele huu, kisha akageuza uso.

"Kunywa tu, baba," alisema mpiga kasia. "Huo ni wangu, si wa mtu baki."

Alikuwa mwanamke mtu mzima, kilemba kimemlegea. Katibu ndiye aliyempata kwa simu, akasema hakuna mwingine anayelijua ziwa lile vizuri. Asubuhi walipofika ufukweni, dereva alimwamkia yule mama kwa heshima zote. Katibu hakumwamkia. Alimpita kama anapita nguzo, akaingia mtumbwini. Dereva alisonya, akabaki na gari lake. Mkurugenzi naye alishangaa kidogo. Hakujua kwamba binti huyu ana majivuno. Hayakumchukiza.

Kampuni ilitaka maji ya kupigia kasia katikati ya jangwa, mahali pa kuwaleta watalii. Picha zilizopigwa kutoka angani zilikuwa zimemwonyesha ziwa hili, la kijani kati ya majabali mekundu, na mto mwembamba unaotoka humo na kupotelea korongoni. Kwa macho lilikuwa zuri kuliko picha. Akilipitisha leo, uzio ungejengwa kulizunguka, na watu wa ng'ambo, wenye vibanda na mbuzi wao, wangetafutiwa maji kwingine. Kwingine huko palikuwa hapajulikani bado. Asipolipitisha, lilikuwepo bwawa la machimbo ya zamani, mbali, lisilo na mtu wala mbuzi, wala uzuri wa kumtoa mtu nyumbani kwake.

Moyoni alikuwa ameshalipitisha. Ilibaki kulizunguka tu.

Tatizo lilikuwa harufu. Ilitoka chini ya makalio yake. Aliinama, akaona beseni la matumbo ya samaki yaliyogeuka rangi, yakitikisika taratibu kila kasia lilipozama. Ute ulikuwa umemwagikia viatu vyake. Ndani ya beseni vitu vidogo vyeupe vilijinyonganyonga.

"Chambo," mpiga kasia alieleza. Alichovya mkono, akakoroga, akaupangusa kwenye ubao ambao Mkurugenzi alikuwa ameukalia. Kisha kwa mkono uleule akammegea mkate.

Mkurugenzi aliukataa. Aliuliza kama upo mtumbwi msafi kwa ajili ya wageni. Akajibiwa kwamba huu ndio msafi.

Walipokata kona ya matete, walimkuta mbuzi. Alikuwa amelala juu ya jiwe, tumbo limevimba, miguu imeelekea mbinguni, na nzi wamemfunika kama blanketi linalopumua.

"Huyu bado," mpiga kasia alisema. "Subiri apasuke. Mwenzake alipasuka mgeni akiwa amekaa hapohapo ulipokaa wewe."

Mkurugenzi alijiziba pua kwa kiganja. Mbele yake Katibu alikuwa amejiziba uso mzima kwa leso, mabega yakimtetemeka. Alimwonea huruma, akamwambia ajikaze, asilie. Kutoka ndani ya leso Katibu alijibu kwa sauti ya kukatika kwamba waendelee tu, mzee, labda mtoni ni pasafi zaidi.

Wakaendelea. Maji yalikuwa yametulia kiasi kwamba majabali yalisimama juu chini ndani yake, na kwa kitambo Mkurugenzi alisahau. Aliiona kambi, mahema meupe, mitumbwi ya rangi imepangwa ufukweni. Alitoa hata simu apige picha.

Pale mto unapotokea ziwani, mpiga kasia aliacha kupiga kasia. Alipandisha mguu juu ya goti, akatoa wembe kwenye pindo la nguo, akaanza kukata kucha. Zilikuwa nene, za manjano, na zilikatika kwa mlio. Mmoja uliruka, ukatua ndani ya kile kikombe cha chai.

Mpiga kasia alichungulia. Aliuwinda ule ukucha kwa kidole, ukamponyoka. Akashusha pumzi, akakinyanyua kikombe, akanywa yote, akafuta mdomo.

"Sukari haitupwi," alisema.

Mkurugenzi alijiegemeza ukingoni mwa mtumbwi, akatapika mpaka machozi yakamtoka.

Alikuwa anapiga simu kabla hajafunga mlango wa gari. Ziwa halifai, alisema, halifai hata kwa fisi. Walichukue bwawa la machimboni, na uzio waupeleke huko. Ndipo alipogundua kwamba kofia yake imebaki mtumbwini. Alisema ioze hukohuko. Katibu, mnyenyekevu kama kawaida yake, alisema ataifuata yeye.

Nyuma ya matete beseni lilikuwa limeshafukiwa mchangani, mbali na maji, na mpiga kasia alikuwa akijisugua mikono kwa sabuni hadi viwikoni.

"Habari ya unywele uliniambia wewe," alisema bila kugeuka. "Ukucha nimejiongeza mwenyewe. Usimwambie baba yako."

Katibu alipiga magoti ufukweni, akateka maji ya ziwa kwa viganja, akanywa. Kisha akaushika ule mkono uliolowa, akainamisha kichwa juu yake.

"Shikamoo, mama."