Uvimbe Kwapani mwa Sokomoko

"Miezi mitano ya vidonge vya viungo!" Daktari wa upasuaji alilibwaga faili mezani. "Mzee, huyu aliyekuwa akimtibu mbwa wako alisomea uvunguni?"

Mzee alikuwa amemlaza Sokomoko ubavu, mkono mmoja shingoni, mwingine umekaza juu ya kiwiko hadi mshipa wa damu ukajitokeza wenyewe. Daktari alichoma sindano mara moja tu, ikaingia, wala hakushukuru. Hasira zilikuwa zimempanda.

Faili zima lilikuwa wimbo mmoja. Mbwa anachechemea mguu wa mbele, vidonge. Picha inaonyesha mfupa mzima, vidonge. Bado anachechemea, basi vidonge viongezwe. Na chini ya kila ukurasa, saini isiyosomeka yenye mkia mrefu kama wa tumbili.

"Bega limeisha nyama. Kucha zimesagika kwa kuburuzwa. Huu ni ugonjwa wa mshipa wa fahamu, si wa kiungo!" Alipenyeza vidole kwapani mwa mbwa, akabonyeza. Sokomoko akalia. "Uvimbe huu hapa, mkubwa kama ndimu. Hata kipofu angeuona."

"Naomba nishike," mzee alisema.

Alibonyeza palepale, mbwa akalia tena. Mzee akafumba macho, akabadilisha mkono, akapapasa polepole.

"Sisikii kitu."

"Wewe si daktari, mzee wangu, hulaumiwi." Sauti ilimlainika kidogo, kisha ikapanda tena. "Mngekuja mapema, ningetoa uvimbe, mguu ukabaki. Sasa naukata mguu wote, niufuate mshipa hadi karibu na uti wa mgongo. Nikikuta umeshapenya huko, hatuna letu. Mlikuwa mnangoja nini? Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Ni kweli, binti yangu," mzee alisema. "Humfichua."

Daktari akamsukumia fomu ya ridhaa. Kalamu ilimponyoka mzee mara mbili. Mara ya tatu aliikamata kwa ngumi nzima, akiikodolea macho isimtoroke, akatia saini. Kisha akainama, akaegemeza shavu lake kichwani mwa Sokomoko, akakaa hivyo.

Daktari alifungua faili aipachike fomu, mkono ukasita. Saini ile ile ya mzee, na mkia wake mrefu, ilikuwa chini ya kila ukurasa.