Meza Iliyoinuliwa

Tangu mgongo uanze kumsumbua, Mwanahawa alikuwa ameacha kuushona mfarishi wa vipande vya kanga za marehemu mama yake. Asubuhi hiyo mumewe, Shekuwe, aliipindua meza ya kulia chakula, akaupigilia kila mguu kigogo cha mbao, kisha akaisimamisha tena.

"Hebu simama hapa, Mama Saumu. Viwiko vinafika?"

Vilifika bila yeye kuinama.

"Na chakula tutakula wapi, Baba Saumu?"

"Chini, mkekani, kama siku zile tulipooana."

Mwanahawa akacheka. Akautandaza mfarishi mezani, akaulainisha kwa viganja. Katikati palikuwa bado na pengo. Akachagua kipande chekundu, akakiweka pale, akakitazama, kisha akakigeuza upande wa pili.